Ngazi tatu za msaada shuleni: namna ya kuzipanga pale watoto ni wengi na walimu wachache

Mwongozo huu umeandikwa kwa shule ya msingi ya serikali ya kawaida nchini Tanzania. Mfano utakaotumika mwanzo hadi mwisho ni darasa la tatu lenye watoto 96 katika chumba kimoja, wanakaa watatu watatu kwenye dawati, na walimu wa shule hiyo wana vipindi vya kutosha kuwachosha. Uwiano rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule iliyobahatika kuufikia itagawa hesabu hizi kwa mbili, lakini utaratibu haubadiliki.

Wazo lenyewe ni jepesi. Ngazi ya kwanza ni ufundishaji wa darasa zima, na kila mtoto anaupata. Anayebaki nyuma anaongezewa ngazi ya pili, yaani kundi dogo kwa muda unaojulikana. Ambaye hata hapo hajainuka anaongezewa ngazi ya tatu, mpango wake peke yake. Neno la kushika ni hilo "anaongezewa". Shule nyingi hukosea siku ya kwanza kabisa: mtoto anatolewa kwenye kipindi cha Kiswahili ili aende kwenye kundi la Kiswahili. Amenyang'anywa dakika 40, akapewa 30, halafu mwisho wa muhula watu wanashangaa kwa nini hajasogea.

Huko Marekani, ambako mpango wa ngazi tatu ulikomaa na kuenea, huchora pembetatu: takribani watoto 80 kati ya 100 watoshelezwe na ngazi ya kwanza, 15 wahitaji ya pili, na 5 wahitaji ya tatu. Soma namba hizo kama kipimo cha shule. Ukipima ukakuta nusu ya darasa haijui kusoma aya fupi, hilo si kundi la watoto wazito. Ni ngazi ya kwanza ambayo haijafanya kazi yake. Katika shule nyingi zetu pembetatu imepinduka, kitako kiko juu, na ukianza kuunda vikundi vidogo kabla ya kuigeuza utachosha walimu bure. Mengi yanayofuata hapa yanategemea jambo hilo moja.

Hatua ya 1: Timu na kaunta buku

Chagua watu watano: mwalimu mkuu au msaidizi wake, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa malezi na unasihi, mwalimu mmoja wa madarasa ya chini, na mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Kama huyo wa mwisho hayupo, mchukue yule ambaye watoto humfuata wenyewe wakati wa mapumziko. Kila shule ina mmoja. Angalau wawili kati ya watano wawe wanawake, kwa sababu kuna mambo binti wa darasa la sita hatayasema mbele ya mwalimu wa kiume.

Vifaa ni vichache: kaunta buku moja la kwaya 3, karatasi za manila 6, maka peni 3, rula, na simu yoyote yenye kipima muda. Kaunta buku hili hukaa kwenye kabati la ofisi, halitembei kwenye mkoba wa mtu. Mpango wote ukiwa kichwani mwa mwalimu mmoja, siku akipata uhamisho unaondoka naye.

Timu ikutane kila baada ya wiki mbili, siku moja isiyobadilika, dakika 40. Dakika 5 ni za mahudhurio, 20 za watoto wa ngazi ya pili, 15 za ngazi ya tatu. Mwalimu wa darasa aitwe pale majina ya watoto wake yanapofikiwa. Kikao cha aina hii huharibika kwa njia moja kubwa: kinageuka kuwa baraza la kuwasema wazazi. Mzazi huyu mlevi, yule hajali, huyu watoto wake wote wako hivyo. Weka kanuni kwamba swali la kwanza kuhusu mtoto yeyote ni "tumempa nini, na mara ngapi kwa wiki?" Kabla hilo halijajibiwa kwa namba, hakuna anayeruhusiwa kusema habari za nyumbani kwao.

Hatua ya 2: Kupima kusoma, mtoto mmoja mmoja

Usipime wiki ya kwanza ya Januari. Watoto wengine bado wako kwa bibi, wengine sare hazijanunuliwa. Wiki ya tatu inafaa.

Mtihani wa karatasi kwa darasa zima haukuambii nani anasoma. Unakuambia nani amekaa karibu na anayesoma. Mtoto aje mezani peke yake, nje chini ya mti au kwenye veranda ambako wenzake hawamsikii. Dakika 4 kila mmoja. Kwa watoto 96 hiyo ni saa 6 na dakika 24. Walimu watatu wakigawana ni saa 2 na dakika 8 kwa kila mwalimu. Zikisambazwa siku nne, ni kama nusu saa kwa siku.

Andaa karatasi moja yenye sehemu nne: silabi 10, maneno 10, aya ya sentensi nne fupi, na hadithi ya maneno kama 60 yenye maswali mawili. Anza na aya. Akiisoma kwa mtiririko, na makosa yasiyozidi matatu, mpandishe kwenye hadithi. Akikwama, mshushe kwenye maneno: achague matano, asome manne sawasawa. Akishindwa, silabi, kwa kanuni hiyo hiyo ya nne kati ya tano. Andika sehemu ya juu kabisa aliyoifikia, basi. Usiandike asilimia.

Kuna mitego inayohusu Kiswahili chenyewe. Wa kwanza ni wimbo. Watoto wengi wanaimba "ba, be, bi, bo, bu" bila kosa, lakini ukiwaonyesha "bo" peke yake wanaanza kuimba kutoka mwanzo mpaka waifikie. Hao hawajui silabi, wanajua wimbo. Changanya mpangilio: "mu, ta, ke, bo, si". Wa pili ni silabi zenye konsonanti zaidi ya moja: "ng'o" na "ngo", "nya", "mbwa", "ndwe", "dha", "gha". Mtoto anaweza kusoma "kaka anakula" vizuri sana na kuzama kwenye "ng'ombe". Hakikisha silabi 3 kati ya 10 ni za aina hiyo, la sivyo kipimo kitakudanganya. Wa tatu ni matamshi. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi r na l atasoma "kura" mahali pa "kula". Hilo ni tamshi, na macho yake yameona herufi sawasawa, usimhesabie kosa. Wa nne ni kutumia aya ya kitabu cha kiada. Wapo watoto waliokariri kitabu kizima hadi picha zake. Andika aya mpya, na mwaka ujao andika nyingine.

Kuhesabu kupimwe siku nyingine kwa njia hiyo hiyo: kutambua namba za tarakimu moja, mbili, tatu, kisha kujumlisha na kutoa kwa kuchukua.

Hatua ya 3: Mahudhurio, macho na masikio

Rejista ina habari nyingi kuliko inavyodhaniwa, ila watu huisoma kwa mlalo tu: huyu mtoro, yule si mtoro. Isome kwa wima. Chora jedwali la siku tano kwa wiki nne, hesabu wasiokuja kila siku. Ukikuta kila Jumatano wanakosekana watoto 15 hadi 20, na Jumatano ndiyo siku ya gulio, huna watoto watoro 20, una gulio. Hilo ni tatizo la ngazi ya kwanza, na linazungumzwa na kamati ya shule pamoja na serikali ya kijiji, si kwa kumwita mzazi mmoja mmoja. Kwa mtoto mmoja, alama ya hatari ni kukosa siku 2 au zaidi kati ya 10. Usingoje afikishe mwezi. Mdondoko huanza na Ijumaa moja moja.

Macho na masikio vipimwe kabla hujamwita mtoto mzito. Chati ya herufi E zinazoelekea pande nne ibandikwe kwenye ukuta wenye mwanga, mtoto asimame mita 6, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, aonyeshe kwa mkono E inaelekea wapi. Asiyeuona mstari wa 6/12 kwa jicho lolote aandikiwe rufaa kwenda kituo cha afya. Kwa masikio, simama nyuma yake kwa umbali wa mkono mmoja, nong'ona maneno ya silabi mbili, "paka", "sita", "moto", ayarudie, sikio moja moja huku lingine limezibwa. Kipimo hiki hakitoi jibu la kitabibu, kinakuambia tu nani apelekwe. Kwa darasa zima, walimu wawili watamaliza asubuhi mbili.

Wakati rufaa inasubiriwa, mtoto huyo akae dawati la mbele. Hii haina gharama, na bado ndiyo hatua inayosahaulika kuliko zote.

Hatua ya 4: Soma pembetatu kabla ya kuunda kundi lolote

Tuseme darasa letu la mfano limetoa matokeo haya: watoto 21 wako kwenye hadithi, 17 kwenye aya, 22 kwenye maneno, 24 kwenye silabi, na 12 chini ya silabi. Jumla 96. Darasa la tatu linatakiwa kusoma hadithi. Waliofika ni 21.

Mwalimu mwenye moyo atasema: tuchukue wale 36 wa chini tuwafundishe jioni. Moyo mzuri, hesabu mbaya. Vikundi vya watoto 8 vingekuwa vitano kasoro, vinahitaji walimu watano kila siku, na bado 39 wa aya na maneno wangeachwa katikati. Pale ambapo zaidi ya robo ya darasa iko chini ya inapotakiwa kuwa, tengeneza ngazi ya kwanza.

Njia iliyojaribiwa sana ni kupanga watoto upya kwa uwezo wa kusoma badala ya darasa, kwa saa moja tu kila siku. Shirika la Pratham liliianzisha India, na Zambia iliichukua kwa darasa la tatu hadi la tano. Saa mbili asubuhi, kwa mfano, watoto wote wa darasa la tatu na la nne wanahama: wa silabi huku, wa maneno kule, wa aya na hadithi kwingine. Saa ikiisha, kila mmoja anarudi darasani kwake. Mtoto anapimwa tena kila baada ya wiki nne na kuhama kundi. Kupanga kwa saa moja na kupima kila mwezi ni tofauti kabisa na mkondo A wa "wenye akili" na mkondo B wa waliobaki. Mkondo ni gereza. Hakuna anayetoka B kwenda A hadi anamaliza shule.

Hapa pana uamuzi mgumu ambao mwalimu mkuu lazima aufanye mwenyewe: nani anafundisha kundi la silabi? Desturi yetu ni kupeleka walimu hodari kwenye madarasa ya mtihani, na watoto wa chini wanaachiwa mwalimu wa kujitolea au aliye karibu kustaafu. Ukifanya hivyo, usiuite mpango huu wa usawa. Mwalimu bora wa kusoma aende kwa wale 12 na wale 24. Apunguziwe zamu na usimamizi wa shamba ili apate muda wa kuandaa kadi.

Hatua ya 5: Yale ambayo kila mtoto anapata

Mambo manne, na kila moja liwe la kila siku.

Dakika 20 za silabi na maneno mwanzoni mwa siku, darasa zima. Kadi za manila zenye ukubwa wa daftari, herufi zinazoonekana kutoka ukuta wa nyuma. Zichanganye kila siku kama karata.

Vijiti vya majina. Kusanya vijiti 96, kila kimoja jina, viingie kwenye kopo. Swali likiulizwa, mwalimu anachomoa kijiti. Kwa kunyoosha mikono, watoto wale wale kumi hujibu mwaka mzima, na mara nyingi ni wa safu mbili za mbele. Asiyejua aruhusiwe kusema "naomba msaada" na kumtaja mwenzake, halafu arudie jibu yeye mwenyewe. Acha vicheko viwe kosa la nidhamu. Kutojua kusiwe kosa.

Kuzungusha madawati kila Jumatatu, safu moja mbele, ya mbele kwenda nyuma. Waliokutwa na shida ya macho au masikio hawazungushwi.

La nne ni kusahihisha. Daftari 96 kila siku hazisahihishiki, na mwalimu anayedai anazisahihisha zote anapiga vyema bila kusoma. Sahihisha safu tatu kila siku, kwa kina, na andika kosa moja tu la kurekebisha.

Uji pia uko hapa. Mtoto aliyetembea kilomita 4 bila kula hataisikia silabi yoyote baada ya saa nne. Ikiwa wazazi wanachangia mahindi, kamati iwe na orodha ya siri ya kaya zisizoweza, na watoto wao wanywe kama wengine. Kumtoa mtoto kwenye foleni ya uji kwa sababu mama yake hajaleta debe ni kumfundisha kutoroka.

Hatua ya 6: Kundi dogo

Baada ya wiki nane hadi kumi za saa ya kusoma, pima tena. Watakaobaki nyuma sasa watakuwa wachache, na hao ndio wa ngazi ya pili. Kundi ni watoto 6 hadi 8, dakika 30, siku nne kwa wiki, wiki 6. Hivyo ni vipindi 24. Kundi lisilo na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa makazi.

Saa ya kukutana ndiyo huamua nani anafaidika. Jioni baada ya masomo inawaacha wasichana wanaochota maji, wavulana wa mifugo, na wanaokaa mbali. Wakati wa michezo unawaadhibu. Muda unaokaa vizuri zaidi ni baada ya mistarini na usafi asubuhi: punguza usafi uwe dakika 10 na utapata nusu saa. Au kata vipindi viwili vya ziada ambavyo darasa zima hutumia kunakili ubaoni. Michango isitozwe hata shilingi. Kundi likilipiwa, atakayebaki nje ni yule yule uliyemlenga.

Mpangilio wa dakika 30: dakika 5 kusimuliana kwa mdomo, 8 silabi ngumu mbili tu za siku hiyo, 10 kila mtoto kusoma kwa sauti akiwa na mwenzake, 5 imla ya maneno matano, 2 kuweka kumbukumbu. Wanaofundisha wapya hupenda kula dakika zote kwenye ubao. Mtoto asiyesoma kwa sauti yake mwenyewe angalau dakika tano hajafanya lolote siku hiyo.

Kila Ijumaa pima dakika 1: asome aya mpya, hesabu maneno sahihi, weka nukta kwenye karatasi ya miraba. Usichukue malengo ya maneno kwa dakika yaliyotengenezwa kwa Kiingereza. Neno letu moja, "hatutawaachia", ni sentensi nzima kwao, kwa hiyo idadi yetu huwa ndogo hata kwa msomaji mzuri. Weka lengo kutokana na alipoanzia: kama anasoma maneno 8, lenga 26 baada ya wiki 6, yaani maneno 3 zaidi kila wiki. Chora mstari kutoka 8 hadi 26.

Nukta tatu mfululizo chini ya mstari ni amri ya kubadili kitu, na ubadili kimoja kwa wakati: idadi ya watoto kundini, silabi unazofundisha, au mwalimu. Ukibadili vyote hutajua kilichosaidia. Nukta zikipanda, usiguse. Wiki ya sita ikiisha kuna njia tatu tu: anatoka, anarudia mzunguko mmoja, au timu inamjadili kwa ngazi ya tatu. Kabla ya njia hiyo ya mwisho, fungua kumbukumbu uone vipindi vilivyofanyika kweli. Ikiwa kati ya 24 vimefanyika 11, kwa sababu ya vikao, mvua na mbio za mwenge, huwezi kusema mtoto ameshindwa. Kundi halikufanyika.

Majina ya vikundi: usiite simba na kobe, wala almasi na shaba. Watoto hufumbua fumbo hilo kabla ya mapumziko. Ita kwa mahali, kundi la mwembeni, kundi la stoo, na kila mzunguko liwepo kundi moja la wanaosoma vizuri linalokwenda mwembeni pia kusoma vitabu vya hadithi.

Hatua ya 7: Mpango wa mtoto mmoja

Hapa idadi ni ndogo, watoto 3 hadi 6 kwa darasa letu, na kazi ni kubwa kuliko hatua zote. Wapo wenye ulemavu, wanaougua, waliofiwa, wanaoumizwa, walioacha shule wakarudi. Kwa hao wa mwisho: tangu Novemba 2021 waliokatisha masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Msichana akija mlangoni kuuliza, jibu ni kumwandalia mpango, siyo "ngoja tuulize wilayani".

Mpango ni ukurasa mmoja: mtoto anaweza nini sasa, lengo moja la wiki 8 linalopimika, nani atafanya nini, siku gani, jina la mtu mzima mmoja wa kumfuatilia, tarehe ya kuuangalia tena. Malengo yakiwa matano hakuna litakalofanyika.

Mtu mzima huyo anamsalimu mtoto kwa jina kila asubuhi na kuzungumza naye dakika 10 mara mbili kwa wiki. Yaonekana kidogo, na kwa mtoro mara nyingi ndilo jambo linalomrudisha.

Mzazi asiitwe kwa barua anayoibeba mtoto. Barua ya shule, kwa wengi, maana yake ni kosa au michango, na wengine hawawezi kuisoma. Nenda nyumbani, epuka siku ya gulio na asubuhi za msimu wa kulima, na ukiwa mwalimu kijana anza kama mtoto wa watu: "Shikamoo bibi. Nimekuja kukusalimu, mimi ndiye ninayemfundisha mjukuu wako. Anajua sana kuhesabu. Kwenye kusoma tumekwama kidogo, nikasema nije nikuulize wewe unayekaa naye." Kisha nyamaza. Bibi atakwambia kwamba hasikii sikio la kushoto tangu alipougua, au kwamba analala saa sita kwa sababu nyumba ina kilabu cha pombe. Usiandike mbele yake.

Kaya isiyoweza kabisa ijulishwe kwa afisa ustawi wa jamii na kwa serikali ya kijiji ili ifikiriwe kwenye mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ulemavu unaoshukiwa upelekwe kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, ambaye anajua kituo cha upimaji kilicho karibu.

Mtoto akisema ameumizwa au ameingiliwa, kanuni zinabadilika zote. Msikilize mara moja, usimhoji, usimwite mtuhumiwa, usiruhusu wazee wapatanishe. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wajulishwe siku hiyo hiyo; simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bila malipo. Hospitali ni haraka, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na fomu ya polisi ni PF3. Asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kuonwa. Jambo hili haliingii kwenye kaunta buku la timu. Lina faili lake, na ufunguo anao mwalimu mkuu.

Hatua ya 8: Kuchunguza kama mizani iko sawa

Kila muhula, chukua orodha ya ngazi ya pili na ya tatu uihesabu upya kwa makundi: wasichana na wavulana, wanaokaa zaidi ya kilomita 3, wenye ulemavu, waliohamia mwaka huu, wasiozungumza Kiswahili nyumbani. Linganisha na darasa zima. Kama wasichana ni 50 kati ya 96 lakini kwenye kundi la watoto 16 wako 5 tu, uliza kwa nini. Inawezekana wanasoma vizuri zaidi. Matokeo ya kipimo yatasema. Inawezekana pia orodha ilitokana na walimu kutaja majina, na walimu hutaja wanaopiga kelele. Binti anayekaa kimya, daftari safi, ananakili kila kitu na hasomi chochote, hatajwi na mtu. Ndiyo maana kwenye kipimo cha hatua ya 2 hupimwa wote, hata yule "unayemjua".

Fanya hivyo hivyo kwa kitabu cha adhabu. Majina yanayojirudia mara tatu kwa muhula yaletwe kwenye timu kama majina ya wanaohitaji msaada. Mara nyingi utakuta ni wale wale wa kundi la silabi, na makosa yao yanatokea kwenye kipindi cha kusoma kwa sauti. Mtoto anayeogopa kuchekwa huona heri kutolewa nje.

Orodha za ngazi zisibandikwe ukutani, zisisomwe mstarini, zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Mwisho wa mwaka, mwalimu anayepokea darasa akae na anayelitoa kwa saa moja, kaunta buku likiwa mezani, wapitie majina ya ngazi ya pili na ya tatu peke yake: alianzia wapi, kilichosaidia, kisichosaidia. Mtoto akihamia shule nyingine, nakala ya ukurasa wake iende kwa mwalimu mkuu wa huko kwenye bahasha iliyofungwa pamoja na fomu ya uhamisho. Bahasha hiyo apewe mzazi, asipewe mtoto.